Magari ya kiwanda ya Safari Rally: Namna yanavyofufuliwa na kukumbukwa Mlima Kenya

YEYOTE aliyewahi kukwama na gari katika barabara ya udongo mwekundu inayopanda kutoka Kerugoya kuelekea mashamba ya majani chai, mvua ya masika ikinyesha, anao ujuzi ambao wahandisi wa Ulaya na Japani walilazimika kuulipia ghali.

Tangu mwaka 1953, mashindano ya Safari Rally yaliyapitisha magari katika barabara za namna hiyo, na polepole viwanda vya ng'ambo vikaanza kuunda magari maalumu kwa kazi hiyo moja. Hayo ndiyo yanayoitwa magari ya kiwanda. Si magari ya dukani yaliyopakwa nambari milangoni, bali ni magari yaliyoandaliwa na mafundi wa kampuni yenyewe, yakaimarishwa bodi, yakafanyiwa majaribio, kisha yakakabidhiwa madereva wa kulipwa.

Wengi wa madereva hao wamekwisha kufariki dunia. Magari yenyewe yametawanyika: machache yamo katika majumba ya makumbusho ng'ambo, mengine yamo mikononi mwa matajiri wapenda magari ya kale, na mengine yalimalizia maisha yake humu nchini yakibeba viazi na makopo ya maziwa hadi bodi ilipokatika. Makala haya yanaeleza magari hayo yalikuwa yapi, fundi huyatambuaje, hufufuliwaje, na kwa nini suala la nani ayahifadhi halifai kuendelea kusubiri.

Mwanzo haukuwa na kiwanda

Mashindano ya kwanza yaliitwa Coronation Safari, kwa kuwa yaliandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Yalifanyika kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, na kanuni zilitaka gari liwe kama linavyouzwa. Walowezi na wafanyabiashara waliendesha magari yao wenyewe. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na kuanzia katikati ya miaka ya sabini, mashindano yalipobaki ndani ya Kenya pekee, likawa Safari Rally.

Viwanda viling'amua mapema kwamba hapa palikuwa na tangazo lisilopatikana kwingine. Gari likimaliza Safari, mnunuzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hakuhitaji kuelezwa zaidi. Na kumaliza kwenyewe hakukuwa jambo dogo: mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff, na mara zote mbili waliendesha Peugeot 404.

Kati ya ushindi huo wa Nowicki, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania waliipa Peugeot 404 ushindi mwingine mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967. Hivyo gari la aina moja lilishinda mara nne katika muda wa miaka sita.

Kisha Wajapani wakaja. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS mwaka 1970, wakarudia mwaka 1971 kwa Datsun 240Z. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Uswidi, wakiwa na Ford Escort RS1600, wakawa madereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kabla ya hapo ilikuwa kama sheria isiyoandikwa kwamba mgeni hawezi Safari, hata akipewa gari bora kiasi gani. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia, ikabaki humo hadi 2002. Ilirejea mwaka 2021, safari hii makao yake yakiwa Naivasha.

Ukihesabu ushindi wote, Datsun, ambayo baadaye ilijulikana kama Nissan, ilishinda mara saba, na Peugeot mara sita. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya wakati wa utawala wa Idi Amin, peke yake alishinda mara tano, zote kwa Datsun: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna aliyeipita rekodi yake. Alifariki mwaka 2006.

Mlima kama hakimu

Msomaji wa Kerugoya, Karatina, Embu au Nanyuki hahitaji kuelezwa kwa nini waandaaji waliipenda sana njia ya kuuzunguka Mlima Kenya. Mlima wenye urefu wa mita 5,199 hujitengenezea hali yake ya hewa. Jua laweza kuwaka Nanyuki huku mvua ikimwagika Chuka. Na kwa kuwa Safari kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza au yakiwa yamepamba moto, dereva hakujua atakachokikuta hadi akifikie.

Upande wa mashariki, barabara ya zamani ya Embu hadi Meru kupitia Chuka iliteremka na kupanda mabonde ya mito inayotoka mlimani, mmoja baada ya mwingine: Thuchi, Nithi, Mutonga. Kabla ya lami, kila bonde lilikuwa mtihani wake. Kona moja ikiwa kavu, inayofuata ilikuwa sabuni.

Huku kusini, Kirinyaga ina mito yake: Thiba, Nyamindi, Rupingazi. Ina pia udongo wa aina mbili usiokubaliana. Juu, kwenye majani chai na kahawa, ni udongo mwekundu wa volkano ambao ukilowa huteleza. Chini, Mwea, kunakolimwa mpunga, ni udongo mweusi ambao ukilowa hunasa. Katika mwendo usiotimia saa moja gari hutoka kwenye udongo usiolishika hadi kwenye udongo usioliachilia. Fundi anayefufua gari la Safari hukutana na udongo huo upya miaka mingi baadaye, akifungua mashimo ya chesisi na kuukuta umeganda ndani kama tofali.

Hilo ndilo lililoyafanya magari haya yatofautiane na magari mengine ya mashindano duniani. Marekani, mathalan, nao wana mapenzi makubwa na magari ya kiwanda ya zamani. Mwaka 1964 kampuni ya Ford iliunda takriban magari 100 aina ya Fairlane Thunderbolt, yenye injini ya lita saba, kwa ajili ya kukimbia robo maili tu, yaani mita 402 za lami iliyonyooka. Leo wenye magari hayo huhesabu hadi skrubu. Gari la Safari liliundwa kwa ajili ya takriban kilomita 5,000 za vumbi, mawe na matope, kwa siku nne au tano, mchana na usiku. Ugumu wa kulifufua ni wa namna nyingine kabisa.

Alama za gari la kweli

Jambo la kwanza ambalo fundi au mnunuzi hujiuliza ni kama gari lililo mbele yake ni lenyewe. Nambari ya chesisi na ya injini hulinganishwa na kitabu cha usajili. Kitabu cha zamani, chenye majina ya wamiliki waliotangulia, kina thamani kuliko rangi mpya. Nambari za usajili za herufi tatu na tarakimu pekee ni za kabla ya mwaka 1989, ulipoanza mfumo wa kuongeza herufi moja mwishoni, kwa hivyo gari la miaka ya sabini lenye nambari ya mfumo mpya linahitaji maelezo.

Lakini karatasi hughushiwa, na vibao vya nambari huhamishwa kutoka gari moja hadi lingine. Ndiyo maana fundi mzoefu husoma bodi yenyewe. Kiwandani, mshono wa mabati ambao katika gari la kawaida huchomelewa kwa vitone vilivyoachana, katika gari la mashindano mara nyingi ulichomelewa tena ili bodi isifunguke. Mahali shokabsoba zinaposhikilia paliongezwa mabamba. Chini ya injini kuna matundu ya kufungia ngao nene ya chuma. Kwenye dashibodi kuna matundu yasiyo na maelezo hadi ukumbuke kwamba mwelekezi alihitaji kipima-umbali cha Halda kutoka Uswidi. Kwenye paa huenda kukawa na tundu la antena ya redio, kwa kuwa timu kubwa zilizungumza na ndege iliyowafuata kutoka angani.

Baadhi ya magari yalikuwa na vishikio na mahali pa kukanyagia upande wa nyuma. Havikuwa mapambo. Gari lilipokwama, mwelekezi alitoka, akasimama huko nyuma na kurukaruka ili uzito wake uyasaidie magurudumu kushika. Dereva akishapata mwendo hakuthubutu kusimama, na mwelekezi alibaki kuning'inia hadi penye udongo mgumu. Vijana wa Kirinyaga wanaosukuma matatu msimu wa mvua wataitambua kazi hiyo mara moja.

Fundi asiyejua historia hii huweza kuiharibu kwa nia njema kabisa. Huyaziba matundu ya dashibodi kwa kuwa yanaonekana mabaya. Huusaga ule mshono wa ziada ili bodi iwe laini. Anapomaliza, gari linang'aa kama jipya na ushahidi wote umekwenda na vumbi la msasa.

Kwa nini Peugeot hazikufa

Katika miji ya Mlima Kenya jina Peugeot halikuwa la mashindano tu. Peugeot 404 ya pikapu, iliyofungwa kibanda nyuma, ilikuwa miongoni mwa matatu zilizoijenga biashara hiyo nchini. Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, iliirithi kazi yake: pikapu ya kubeba kahawa na ndizi, na ile ndefu ya viti vya safu tatu iliyowakimbiza abiria Nairobi kabla ya ujio wa Nissan za abiria 14.

Kuna jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Peugeot 404 iliacha kuundwa Ufaransa katika miaka ya sabini, lakini hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi mwaka 1991. Za mwisho duniani zilitoka humu nchini. Gari lililoshinda Safari wakati wa kupata uhuru lilikuwa bado linatoka jipya karakanani karibu miaka 30 baadaye.

Sababu za kudumu kwake ni za kiufundi. Injini ya 404, ya sentimita za ujazo 1,618 na iliyolazwa upande kwa nyuzi 45, ina silinda za kuchomoa zinazozungukwa na maji ya kupozea. Silinda ikilika, fundi haipeleki bloku nzima kuchongwa kwa mashine kubwa ya Nairobi. Huchomoa ile mikebe minne, akaweka mipya pamoja na pistoni zake, kisha akafunga. Kazi hiyo imefanywa chini ya mti katika gereji nyingi za jua kali. Difu yake nayo si ya meno ya kawaida. Huzungushwa na skrubu kubwa inayosukuma gurudumu la meno. Ni tulivu na hustahimili mzigo, lakini ikiharibika spea zake ni adimu siku hizi, na hapo ndipo mafundi wengi walipokata tamaa wakafunga difu ya gari lingine.

Maana yake kwa anayefufua 404 ya mashindano ni kwamba ile pikapu kuukuu iliyotelekezwa nyuma ya nyumba ni ghala la spea. Na hapa pana kishawishi. Pikapu hizo zimekuwa zikikatwakatwa kwa ajili ya vipande vyake, ilhali nazo ni historia, pengine historia iliyowagusa watu wengi zaidi kuliko kombe lolote. Mimi binafsi ningependa kuona 404 moja ya matatu, na kibanda chake na benchi zake za mbao, imesimama kando ya ile ya Nowicki.

Kufufua, kukarabati, kuiga

Magari mengi ya kiwanda hayakurudishwa ng'ambo baada ya mashindano. Gari lililogongwa na kuchoka halikustahili gharama ya meli, kwa hivyo liliuzwa hapa hapa kwa dereva wa humu nchini. Mfano mashuhuri ni Volvo PV544 ya Joginder Singh. Lilikuwa gari la timu ya kiwanda lililoshiriki Safari ya mwaka 1964 bila kumaliza, likabaki Kenya. Joginder, fundi aliyezaliwa Kericho, alilinunua, akalishughulikia kwa mikono yake, na mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant akashinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu. Wenye kiwanda walikuwa wamelihesabu gari hilo kuwa limekwisha.

Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na mwelekezi David Doig katika Mitsubishi Lancer 1600 GSR, akawa wa kwanza kushinda mara tatu. Alifariki London mwaka 2013. Ukitaka kumwelewa, usianzie kwenye picha zake akipokea kombe. Anzia kwenye kile kitendo cha kununua gari lililotupwa na kulisoma upya, bolti kwa bolti. Hilo ndilo hasa analofanya mfufuaji wa leo.

Kazi yenyewe huanza kwa kulifungua gari lote na kupiga picha kila hatua. Bodi huachwa tupu, rangi huondolewa polepole kwa msasa, kwa kuwa chini ya rangi ya mwisho huwa kuna rangi za wamiliki wengine, na chini kabisa huenda ikajitokeza rangi ya timu pamoja na kivuli cha nambari ya mlangoni. Kutu hushambulia zaidi sakafu, vizingiti vya milango na mahali springi zinaposhikilia. Bati lililooza hukatwa na kuchomelewa jipya, lakini lililo zima hata kama limepindika huachwa iwezekanavyo.

Mambo madogo yana sababu zake. Boneti ya Datsun 240Z nyekundu iliyoshinda mwaka 1971 ilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Anayeipaka nyeusi ya kung'aa amekosea, hata kama gari limependeza zaidi. Gari lenyewe lililoshinda mwaka huo limo katika mkusanyiko wa kihistoria wa Nissan huko Zama, Japani, na wafanyakazi wa kampuni hiyo wenye klabu yao ya kufufua magari ya zamani walilirejesha katika hali ya kutembea. Japani, Safari ilivuma hata kabla ya ushindi huo: mwaka 1969 ilitolewa filamu maarufu iliyoigizwa na Yujiro Ishihara kuhusu dereva wa mashindano hayo.

Hapa Kenya, jukwaa linalojulikana zaidi la magari ya kale ni maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Majaji hukagua usafi wa injini, bodi, viti na hata chini ya gari. Kwa gari la familia lililotunzwa vyema, vipimo hivyo ni vya haki. Kwa gari la Safari, mimi nina shaka navyo. Bonde lililobaki kwenye bati baada ya gari kugonga jiwe usiku ni sehemu ya hati zake, na likinyooshwa, ukurasa mmoja umechanwa.

Tofauti nyingine ambayo mnunuzi huchanganywa nayo ni kati ya gari lililofufuliwa na lililoigizwa. Si kosa kuchukua Datsun ya kawaida ukaifunga taa, ngao na kuipaka rangi ya mshindi, mradi useme ni ya kuigiza. Udanganyifu huanza pale gari moja la kweli linapozaa mawili: mmoja akawa na bodi bila kibao cha nambari, mwingine akawa na kibao kilichofungwa kwenye bodi nyingine, na wote wawili wanadai kuwa na gari lile lile.

Kumbukumbu inayopinduka

Mwaka 2003, mashindano yalipotimiza miaka 50, yalianzishwa East African Safari Classic Rally, mbio za magari ya zamani katika barabara za Afrika Mashariki. Kwa kanuni za miaka ya karibuni, magari yanayoruhusiwa ni yaliyoundwa kabla ya 1986. Mbio hizi zimefanya mengi kuyarudisha magari hayo barabarani na kuwapa kazi mafundi. Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeshinda Safari yenyewe mara nne, alishinda pia Classic ya mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia. Alifariki mwaka 2014.

Hata hivyo, kuna jambo la kuangaliwa. Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911. Stig Blomqvist alishinda mwaka 2015 kwa Porsche 911. Baldev Chager wa Kenya alishinda mwaka 2022 kwa Porsche 911. Kijana anayesimama kando ya barabara leo ataondoka akiamini kwamba Porsche ndiyo iliyotawala Safari ya kale.

Ukweli ni kwamba Porsche haikushinda Safari hata mara moja. Ilimaliza ya pili mwaka 1972, ya pili mwaka 1974, na ya pili tena mwaka 1978, Vic Preston Mdogo akiwa usukani, licha ya kiwanda kuinua gari hilo hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Mwaka huo aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504. Magari ya Porsche ya leo yameandaliwa upya kwa ustadi na kwa fedha nyingi katika karakana za Ulaya, na hakuna ubaya katika hilo. Ila mbio za kumbukumbu zinapotoa jibu lililo kinyume cha historia, lazima pawe na mahali pengine pa kuitunza historia yenyewe.

Vivyo hivyo kwa madereva. Watu wa Kirinyaga na Embu walipomwona Patrick Njiru, mwenye jina la huku kwao, akiendesha gari la timu ya kiwanda, jambo fulani lilibadilika. Mwaka 1993 Subaru ilileta magari matatu madogo aina ya Vivio, yenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu. Moja alipewa Colin McRae wa Scotland, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, la pili Masashi Ishida wa Japani, la tatu Njiru. Ni la Njiru pekee lililofika mwisho, katika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata akamaliza wa nne katika Subaru Impreza, Mkenya mwenzake Ian Duncan akishinda kwa Toyota Celica. Vivio ni gari ambalo wengi wangelicheka sokoni Kagio, na bado ni miongoni mwa magari yanayostahili kuhifadhiwa kuliko mengi yenye sauti kubwa.

Mlango wa kutokea tu

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, na inavieleza kuwa ni vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Hakuna gari la Safari linaloweza kuingia humo. Waziri anao uwezo wa kutangaza kitu cha thamani ya kihistoria kuwa kinalindwa, lakini bila tangazo kama hilo gari lililoshinda Safari ni mali ya kawaida ya mwenyewe. Anaweza kuliuza kwa mgeni, likapakiwa Mombasa, na hakuna atakayemuuliza.

Kurudi ndiko kugumu. Kanuni za uagizaji haziruhusu, kwa njia ya kawaida, gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini ili kusajiliwa. Kanuni hiyo ina maana kwa magari ya kila siku. Kwa gari la mwaka 1966 ina maana kwamba mlango ni wa kutokea tu.

Treni zilipata jumba lao la makumbusho jijini Nairobi mwaka 1971. Magari ya Safari bado yanategemea watu binafsi, na mtu binafsi hufa, hufilisika au huhama. Ingekuwa busara wizara inayohusika iorodheshe angalau yale yaliyoshinda na bado yamo nchini, na kutoa kibali maalumu kwa yale yaliyotoka ambayo wenyewe wangependa kuyarejesha. Hilo halihitaji fedha nyingi, linahitaji karatasi chache na nia.

Kwa sasa, kazi kubwa inaweza kufanyika majumbani. Familia nyingi kuanzia Kerugoya hadi Meru zina picha za Pasaka za miaka hiyo: baba amesimama na watoto kando ya barabara, nyuma yao gari limepita likiacha matope hewani. Picha hiyo isitupwe. Nyuma yake kuandikwe mwaka, mahali, na nambari iliyoonekana mlangoni. Orodha za washiriki za kila mwaka zilichapishwa, na nambari ya mlangoni pamoja na mwaka humtaja dereva, mwelekezi na gari. Baadhi ya mafundi wamejua rangi halisi ya taa, au upande ulikokuwa mfereji wa hewa, kutokana na picha moja ya namna hiyo ambayo mpigaji wake alidhani anawapiga watoto wake tu.